Mununuzi na Mimi Juu ya Uchaga

Municheke tu, lakini siku ile niliogopa kufa. Nilikuwa nauzisha nyumba yangu ya Walikale, na fundi mumoja wa mbao kutoka Hombo, ambaye muke wangu tu alimujua, alikuwa ametuma neno kwamba atakuja kuiangalia Jumamosi.

Alhamisi, nikiwa peke yangu, nikaona muntu wa kofia ya kaki anapima ukuta kwa kamba na kuandika. Kisha akazunguka nyuma kama anayetafuta choo. Huyu njo muntu wa Serikali wa usafi! Mujumbe wa chefu wa kijiji alikuwa ametutangazia: nyumba isiyo na choo, mwenyewe atapigwa fimbo. Mimi sikuwa nimechimba hata shimo la panya.

Nikapanda haraka juu ya uchaga tunaokaushia nyama, pale jikoni juu ya moto, nikajilaza ndani ya masizi. Moshi ulinikaba, lakini kukohoa? Nani athubutu!

Muke wangu akarudi toka shamba. "Karibu, Papa! Si ulisema Jumamosi?"

"Nilipata kamio ya kupanda leo, Mama. Mwenye nyumba iko wapi?"

Kumbe mununuzi mwenyewe! Sasa hofu ikazidi: nitashukaje, mweusi kama sufuria?

Wakaingia jikoni, wakasimama chini yangu kabisa.

"Paa haivuji, Mama?"

"Hata kidogo!"

Tone la jasho jeusi likaanguka juu ya karatasi yake. Akainua macho polepole, tukaangaliana.

"Mama," akauliza, "na huyu wa juu, nitamununua pamoja na nyumba?"