Mwanakhamis na amplifaya inayong'ata

Saa tatu asubuhi, Pongwe. Fundi Mwanakhamis Shaame, 44, ameuficha mkono wa kushoto mgongoni. Wa kulia umeshika bisibisi, unaingia polepole ndani ya amplifaya ya gitaa yenye umri wa miaka sitini.

"Mkono mmoja tu," anasema bila kuinua macho. "Ukiingiza miwili, umeme unapita moyoni."

Amplifaya imeshachomolewa ukutani, lakini hilo halimpi amani. Vyombo hivi vya valvu, zile taa za kioo zinazokuza sauti, huhifadhi umeme tumboni hata vikizimwa. Mita inasoma volti 380. Anaushusha taratibu hadi sifuri, ndipo anapumua.

Mwenye chombo, Mzee Masoud Sabiri, 67, mpiga gitaa wa bendi ya harusi kutoka Pangani, amesimama mlangoni. Alasiri anatakiwa ukumbini.

"Ondoa muungurumo, mwanangu, mengine yaache," anamwambia. "Nikisogelea maikrofoni inaning'ata midomo kidogo, nimeshazoea."

Mwanakhamis anaweka bisibisi chini.

"Tangu lini, mzee wangu?"

"Mwaka jana."

Anamwonyesha. Waya wa umeme una nyuzi mbili tu, hauna ethi, uzi wa tatu wa kupeleka ardhini umeme uliovuja. Kapasita moja kuukuu, kijidude cha kuhifadhi umeme, imevuja, inapeleka umeme wa ukutani kwenye bodi ya chuma, na kutoka hapo hadi kwenye gitaa. Anataka kuikata kapasita hiyo na kufunga waya mpya wenye ethi.

Mzee anakataa. Chombo aliachiwa na marehemu kaka yake, na anaamini kikibadilishwa sauti itakufa. Anainama akibebe.

Hapo Mwanakhamis anamtajia mpiga besi mmoja aitwaye Msafiri.

Miaka sita iliyopita, mpiga besi huyo alimbembeleza vivyo hivyo. Harusi ilikuwa inamngoja. Mwanakhamis, mzaliwa wa Pemba aliyefundishwa kazi na baba yake fundi redio, alimrudishia chombo bila ethi. Sakafu ya ukumbi ilikuwa imelowa. Umeme ulimnasa Msafiri, akaponea chupuchupu, ila vidole vyake viwili havikunjiki hadi leo. Hakupiga besi tena.

"Nilijua, na nikampa," anasema. "Wewe sikupi, mzee wangu. Nikasirikie tu."

Mzee anajikalisha kwenye kigoda.

"Haya," anasema hatimaye. "Fanya."

Kazi inachukua saa mbili. Kati ya nyuzi za gitaa na maikrofoni, ambapo mwanzo palisomeka volti 94, sasa pana sifuri. Mita haimtoshi. Mwanakhamis anashika nyuzi kwa mkono mmoja, maikrofoni kwa mwingine, na kufumba macho.

Hakuna kitu.

Mzee Masoud anapiga nota tatu, anazirudia, anainamisha sikio kwenye spika.

"Ni ile ile," anasema kwa sauti ndogo. Kisha anaomba namba ya fundi, ampe mwenzake wa kinanda.

Kwa mwezi Mwanakhamis hupata kama laki mbili na nusu, nyingi kutokana na feni na redio. Amplifaya za aina hii humjia mara chache, na hilo ndilo linalomkosesha usingizi: nyingine ziko wapi? Kabla ya harusi za Shaaban, amepanga kuzungukia bendi zote kuanzia Muheza hadi Pangani na Ushongo akague vyombo vyao, wamwite wasimwite.

Na wakikataa?

"Nitakata plagi," anasema, "niondoke nayo."