Mbwa Wetu Ziwani Duluti

Mbwa wetu wawili hukaa bandani mchana kutwa, na usiku, au tukitoka sote, ndipo tunawafungulia walinde. Hivyo ndivyo mbwa wanavyofugwa mtaani kwetu Olasiti, na sikuona kasoro yoyote mpaka mume wangu alipoamua kwamba Jumapili, tukitoka kanisani, tuwapeleke nao wakaone Ziwa Duluti. Mama mkwe alikuja na hotpoti ya machalari, zile ndizi za kupikwa na nyama, akakataa katakata kukaa siti moja na mbwa. Kwa hiyo mimi ndiye niliyebanana nao nyuma, na gauni langu la ibada.

Ziwani palikuwa pametulia, maji ya kijani, msitu umezunguka pande zote. Mbwa waligoma kushuka. Tulipowavuta kwa kamba walijibanza chini ya gari, wakawa wanambwekea kila aliyepita. Nikamwambia mume wangu, "Haya, waoneshe hilo ziwa."

Tulikuwa ndiyo kwanza tumeanza kula, mama mkwe akaweka sahani chini. "Nyumbani mmemwacha nani?"

Walinzi wetu wote wawili walikuwa chini ya gari. Tukakunja mkeka, ndizi zikiwa bado za moto.

Nyumbani hapakuwa na tatizo lolote. Nilipofungua mlango wa gari, mbwa waliruka, wakakimbia moja kwa moja hadi bandani, wakalala wakisubiri kufungiwa. Nikafunga banda, mume wangu akafunga geti, nasi tukaingia ndani tukajifungia.