Marashi Kwenye Kadi za Makumbusho

Kwetu Bagamoyo, bibi harusi hatoki kwao bila kunyunyiziwa marashi. Siku ile katika miaka ya sabini, bibi harusi wangu alikuwa kasha la kadi. Nilikuwa nimeziandaa kadi hizo kwa ajili ya kompyuta ya Dar es Salaam, na matundu niliyoyatoboa, ambayo mashine huyasoma, yalieleza kila kitu cha jumba letu la makumbusho, kuanzia vyetezo hadi ngoma. Basi mimi, msomi wa chuo kikuu, nikachukua mrashi nikazinyunyizia zote.

Kompyuta yenyewe tuliazimwa asubuhi moja tu. Ikishindwa, mkuu wangu wa makumbusho, aliyefuatana nami, angefuta mpango mzima. Bi Zuhura, aliyeiendesha, aliijaribu kwanza kwa kadi zake. Nilibaki kinywa wazi: kazi ya kunichosha wiki nzima iliisha kabla sijakaa vizuri kitini. Kisha akaweka zangu. Mashine ikakohoa, ikatafuna mbili, ikanyamaza.

"Kadi zimeloa," alisema.

"Hewa ya bahari, dada," niliwahi kujibu, mkuu wangu akisikia. "Bagamoyo kuna unyevu sana."

Hakubishana. Alizitandaza mezani kwa upole kama mtu anayeanika hariri.

"Zikikauka tutajaribu tena," alisema, akawasha feni.

Nilimpenda kwa subira ile. Feni ikashika kasi, na chumba kizima kikajaa harufu. Mkuu wangu akainua pua.

"Kaka," Bi Zuhura aliniuliza taratibu, "hiyo bahari yenu inanukia waridi?"