Maneno Niliyomnyima Hilda

Harufu ya kabichi iliyolowa manyunyu hunirudisha kidato cha nne mpaka leo. Wapo wanaosema kabichi mbichi hainuki. Hao hawajapiga magoti kwenye matuta ya shule yetu, juu kidogo ya mji wa Lushoto, ukungu umeshuka mpaka humwoni mwenzako wa tuta la pili, vidole vimekufa ganzi, na pua iko shibiri moja tu kutoka kwenye jani. Ilikuwa miaka ya Ujamaa, Elimu ya Kujitegemea imepamba moto, na kila siku saa kumi alasiri wasichana wote tulishika majembe. Kabichi tulizilima, tukazila, tukazichoka. Na kwenye matuta hayohayo ya kabichi ndiko tulikojifunzia Kiingereza kigumu, maana darasani muda haukutosha.

Kiingereza kilitutoa jasho hasa. Shule ya msingi tulisoma kwa Kiswahili, nyumbani ni Kishambaa tupu, halafu unaingia sekondari unakuta volkano, bunge na mzunguko wa damu vyote vimeandikwa kwa lugha ya watu. Kufika kidato cha nne tulikuwa tunajikongoja, tunaweza kuomba ruhusa na kueleza tumbo linauma wapi. Lakini mtihani wa mwisho ulitaka maneno makubwa. Mwalimu wetu wa Kiingereza, mzee mwembamba wa Gare aliyevaa koti moja la sufu jua liwake mvua inyeshe, alitusimanga bila kupumzika. “Mnadhani mtafika kidato cha tano kwa ‘good’ na ‘bad’?” alikuwa akisema. “Mtarudi nyumbani na hizo ‘good’ zenu, mama zenu wawapikie.” Tulicheka, lakini tulijua hatanii. Kwa kawaida shule yetu ilipata nafasi tano au sita tu za kidato cha tano, na darasani tulikuwa zaidi ya thelathini.

Kamusi kubwa ilikuwa moja, tena inakaa kabatini kwa kufuli. Ndipo tukabuni mpango, na hapo naomba msitucheke sana. Siku hizo nchi nzima ilikuwa imepangwa nyumba kumi kumi, kila nyumba kumi na balozi wao wa kuwasemea na kuwasimamia. Na sisi tukaligawa darasa hivyohivyo, wasichana kumi kumi, kila kumi na balozi. Kila msichana alipewa herufi yake, au kipande cha herufi kama ni nene. Jumamosi ya zamu yako ulipata saa moja na kamusi, unanakili maneno magumu ya herufi yako, na wiki inayofuata unayagawa shambani. Unasimama mwanzo wa tuta, unalitaja neno, unatoa maana, unatunga sentensi. Wenzako wanalirudia huku wanapalilia, mpaka likae kichwani. Asiyegawa tulimwita kupe, kama redio ilivyowaita wale wanaoishi kwa jasho la wengine. Msichana mmoja aliitwa kupe wiki mbili mfululizo kwa sababu tu alikuwa na malaria. Tulikuwa wakali, jamani.

Mimi nilipewa M. Rafiki yangu Hilda alipewa S nzima, ambayo ni herufi ndefu kupita kiasi, na wala hakunung’unika. Hilda alikuwa mtoto wa mkulima wa Gare, mnene kidogo, mwenye sauti ya kwaya. Aligawa maneno kama mtu anayegawa chakula msibani, hakuna wa kuondoka bila kushiba. Neno “stubborn”, mkaidi, alilitungia sentensi juu ya balozi wetu mwenyewe, palepale, balozi akiwa ameshika jembe. Neno “solemn”, mwenye uzito wa ibada, aliligawa huku ameukunja uso kama mchungaji siku ya Ijumaa Kuu. Mpaka leo sijasahau hata neno moja la Hilda, na mengi kati ya hayo nimeyatumia kazini miaka yote.

Sasa niseme habari ya baba yangu, maana bila yeye hamtanielewa. Baba alikuwa mwinjilisti wa Kilutheri kule Mtae, na wazo la mimi kwenda kidato cha tano lilimwingia moyoni likakataa kutoka. Kila Jumapili aliniombea kanisani kwa jina langu, baada ya wagonjwa na kabla ya mvua. Nilipokwenda likizo, vikongwe ambao sikuwajua walinishika mkono baada ya kuwaamkia, wakaniuliza, “Naomi, huo mtihani umefika wapi?” Nikawa naogopa kuliko ninavyoweza kueleza. Kaka yangu alishashindwa, na baba alikaa miezi bila kumtaja kwenye sala. Mtu asidanganyike kwamba hilo ni jambo dogo kwa mtoto wa mwinjilisti.

Basi, Jumamosi ile nilipokaa na kamusi, nilinakili maneno themanini na kitu. Nikayatazama. Nikawaza nafasi tano au sita, nikawaza wasichana thelathini na kitu, nikachukua karatasi nyingine na kuyahamishia yale mazuri, yale ambayo mwenyewe niliona yananukia mtihani. Yalikuwa arobaini na moja. Karatasi nikaikunja, nikaificha ndani ya jalada la kitabu changu cha nyimbo. Yaliyobaki ndiyo niliyoyapeleka shambani, nikayagawa kwa sauti kubwa, tena kwa madaha.

Balozi wetu alikunja uso. “M ni fupi hivyo? Mbona wa P amekuja na mengi?”

“Kamusi ndivyo ilivyo,” nikamjibu. “Kama huamini nenda kaihesabu.”

Hilda ndiye aliyenitetea. “Mwacheni Naomi, mwenzenu hana tabia hiyo.” Akaendelea kupalilia. Mungu anisamehe, nilijisikia vibaya mpaka jioni tu, nikala, nikalala usingizi mzuri.

Mtihani ulikuja. Katika karatasi ya Kiingereza palikuwa na kifungu cha habari, na chini yake maneno ya kueleza maana na kutungia sentensi. La nne lilikuwa “mitigate”, kupunguza makali ya jambo. Lilikuwa langu, la karatasi ya kitabu cha nyimbo. Niliandika jibu haraka, nikainua macho, nikamwona Hilda mbele yangu upande wa kushoto, amejishika shavu, kalamu haitembei. Alikaa hivyo kwa muda mrefu sana. Tulipotoka nje akanijia moja kwa moja.

“Naomi, ile ya nne maana yake nini? Nimeyapekua yote uliyotugawia kichwani, sikuikuta.”

“Hata mimi sikuijua,” nikasema.

“Afadhali,” akasema, akacheka. “Nilidhani nimesahau peke yangu.”

Majina yalipotoka, langu lilikuwamo na la Hilda halikuwamo. Kanisani Mtae walitoa shukrani, wakaimba, baba akalia mbele ya watu, na mimi nikasimama pale na gauni jipya. Sitasema kwamba neno moja ndilo lililomkosesha Hilda. Mtihani una masomo mengi, na hesabu zake hazikuwa nzuri, hilo darasa zima lilijua. Lakini yalikuwa maneno arobaini na moja, na sijui mengine mangapi yalipita kwenye karatasi zile bila yeye kuyatambua. Nilikwenda kidato cha tano, nikaajiriwa serikalini, nikaandika barua za Kiingereza miaka thelathini mpaka nikastaafu. Hilda aliolewa hukohuko Gare, akalima, akafundisha kwaya, akazaa watoto sita. Tulitumiana salamu. Kila nilipotaka kumwambia nilipata sababu ya kutomwambia.

Mwaka jana nikaenda Gare kwa ajili hiyo tu, nikijua nikichelewa mmoja wetu atazikwa kwanza. Nilimkuta barazani anapukuchua maharage, mjukuu wake wa kidato cha nne kando yake na simu mkononi. Nikamweleza yote mbele ya mtoto, bila kupunguza. Hilda hakuacha kupukuchua.

“Yalikuwa mangapi?” akauliza.

“Arobaini na moja.”

“Na ile ya nne ilikuwamo?”

“Ilikuwamo.”

Mjukuu alitutazama kwa zamu, kisha akasema kwa upole, “Bibi, siku hizi maneno yote yamo humu. Ukitaka hata elfu.” Akamwelekezea simu. Alikuwa anasema kweli. Kitu kile kidogo kina kamusi nyingi kuliko zote zilizokuwa Lushoto wakati wetu, hakina kufuli, na yeyote anaweza kukifungua akiwa amelala. Sisi kwa saa moja tu na kamusi Jumamosi tuliamka alfajiri kwa furaha. Nikafikiri Hilda ataipokea ile simu, tucheke, yaishe.

Aliisukuma kando kwa kiwiko. “Hayo ni ya watu wote,” akamwambia mjukuu. Halafu akanigeukia mimi. “Mimi nataka yangu. Naomi, nigawie.”

“Sasa hivi?”

“Sasa hivi. Neno, maana, sentensi, kama tulivyokubaliana.”

Nikaanza. “Magnanimous,” mwenye moyo mkubwa wa kusamehe. “Meagre,” haba. “Meticulous,” mwangalifu hata kwa vitu vidogo. Kila nililolitaja alilirudia kwa ile sauti yake ya kwaya, akasikiliza maana, akachukua punje moja ya haragwe na kuiweka juu ya kitambaa mapajani. Nilipofika “mitigate” alilirudia mara mbili. Nikaendelea polepole zaidi, nikakwama, nikaendelea tena. Mengine yalikuwa yamenitoka kabisa, maana sikuwahi kumwambia mtu, wala sikupata pa kuyatumia. Punje zilifika kumi na tisa. Hilda alishika ya ishirini kati ya vidole viwili, akainua macho, akangoja.