Likizo ya Kwamboka Kisiwani Inishmore

Watu wa ghorofa yetu hapa Rexdale, ughaibuni, walidhani Kwamboka amekwenda kula raha Ulaya. Raha gani! Mwanamke amerudi magoti yamevimba.

Kazi yake ni kumtunza Bi Nora, ajuza wa miaka themanini na nane aliyezaliwa Inishmore, kisiwa cha Ireland. Mwezi wa Mei 1996, bibi huyo alimshika mkono akamwomba ampeleke akaone kwao kabla ya kufa. Kwamboka akakubali papo hapo. Mimi jirani yake nikamuuliza hizo siku zitahesabiwaje, kazi au likizo. Akanikata jicho.

"Jemimah, mzee anasindikizwa kwao, halafu mimi niweke masharti? Mama yangu akisikia atanilaani."

Ndivyo walivyomlea kule Kisii. Lakini roho yangu haikutulia.

Siku sita alisukuma kiti cha magurudumu kwenye njia za mawe, upepo ukiwachapa. Juu ya jabali kuna ngome ya kale ambayo wageni huipanda kwa shangwe. Kwamboka aliiona kutoka chini tu, kwa kuwa bibi alitaka choo. Siku ya mwisho wakalala Galway, mji wa pwani wenye muziki kila kona, watu wamejaa barabarani utadhani kuna harusi. Mtoto wa Bi Nora, anayemlipa Kwamboka mshahara na aliyefuatana nao, akampiga Kwamboka picha akicheka na wapiga fidla. Dakika kumi hizo ndizo alizopumzika.

Agosti alikuwa aende kwao. Macho ya mama yake yanafifia, na daktari alisema kabla ya mwaka kuisha atakuwa amepofuka kabisa. Kwamboka alipoomba ruhusa, yule mtoto wa bibi akamtolea picha ya Galway.

"Likizo si umeshachukua? Tazama ulivyofurahi. Nyingine ni mwakani."

Nilitaka niende nikamtukane mwenyewe. Kwamboka akanizuia, maana kazi hiyo ndiyo inayonunua dawa za mama. Nilimkasirikia yeye pia, Mungu anisamehe.

Jumapili alipiga simu Kisii kutoka nyumbani kwangu, sauti ya mama ikisikika hadi nilipokaa. Mama akauliza kisiwa kikoje. Kwamboka akamsimulia kuta za mawe, upepo, na Bi Nora alivyolia alipouona mlango wa kwao. Kisha akamwambia kwamba Agosti haji, mpaka mwakani.

"Kisiwa umenieleza vizuri, mwanangu," mama akasema. "Sasa nieleze na wewe ulivyo siku hizi, maana ukija sitakuona."

Kwamboka akajifuta machozi kwa kiganja, akaanzia kwenye mvi zake.