Minazi Kumi na Mmoja ya Kerege

Mimi niliishia darasa la nne, lakini ukipita Kerege leo ukaona ukuta wa matofali ya saruji umenyooka, ujue matofali hayo ni yangu. Sikurithi hata koleo. Kusaini nilijifunza ukubwani, nikijizoeza kwenye mifuko mitupu ya saruji, mpaka nikapata saini yenye mkia mrefu. Karani wa benki aliisifu. Niliamini kwamba nikishasaini, neno limekwisha.

Nikanunua kiwanja cha jirani ili nipanue kiwanda. Muuzaji alikuwa bibi mmoja mjane. Mbele ya mwenyekiti wa kijiji yeye aliweka dole gumba, mimi nikauvuta mkia wangu. Wiki iliyofuata nikaja na watu wa kukata minazi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hao wenye misumeno wanakwenda wapi?"

"Kukata minazi. Si umeniuzia?"

"Nimekuuzia ardhi, mjukuu wangu. Minazi umeipanda wewe?"

"Hati ina dole lako."

"Na minazi ina alama ya marehemu mume wangu. Isome basi, msomi."

Wakata miti wakacheka. Kila shina lilikuwa na mikato miwili ya panga, na wa tatu umelala juu yake. Kwetu pwani ardhi huweza kuwa ya huyu na mnazi wa yule. Hilo nalijua tangu utotoni; hati yangu haikutaja mti hata mmoja. Nilidhani tu karatasi imeshafuta mambo hayo. Bibi naye alikuwa akila kwa minazi ile: nazi anauza, makuti anasuka.

Ningeweza kukata. Nani angenizuia? Nikampigia kwanza binti yangu, anayesoma mambo ya lugha chuo kikuu kwa jasho langu, nikamuuliza kusaini hasa ni nini.

"Kitenzi hicho tulikitoa kwa Waingereza, baba, wao kwa Wafaransa, nao wakakirithi kwenye Kilatini. Maana yake ya kwanza ni kutia alama. Hata kwao, asiyejua kuandika alichora msalaba, ikatosha."

"Na alama ya panga kwenye mnazi?"

"Baba, unaniuliza au unajua?"

Nikakata simu. Watu wa misumeno nikawarudisha. Nyuma ya hati nikamwomba mwenyekiti aandike kwamba minazi kumi na mmoja ni ya bibi, nikasaini. Bibi akautazama mkia wangu.

"Mrefu," akasema. "Lakini mikato yetu imenyeshewa mvua nyingi zaidi."

Kiwanda nilikijenga kwa kuizunguka minazi. Matofali hukaukia kivulini, hayapasuki, na washindani wangu wanadhani nina siri ya kuchanganya saruji. Mkwezi wa bibi akija kuangua, nazima mashine mwenyewe, vijana wanakaa pembeni mpaka nazi ya mwisho ifike chini.