Muuza Mayai Asiyekula Yai

Hakuna aliyelijua yai kama Taaka wa Buteba. Kila asubuhi alichemsha beseni zima, akalibeba kichwani hadi mpakani Busia, akawamenyea madereva wa malori waliosubiri kuvuka, na kachumbari juu. Matumbo ya madereva, ambayo hayakuwa na mimba ya mtu, yalinawiri. Lake, lililokuwa nayo, lilipata chai ya rangi, mandazi, na udongo wa kutafuna kutoka sokoni. Mganga hajigangi.

Si kwamba alijinyima tu. Mama mkwe wake, Maximilla, mzaliwa wa upande wa Kenya, alikuwa bingwa wa uzazi. Elimu yote aliipata kwa bibi yake. Mjamzito akila yai, mtoto huzaliwa na upara. Akila kambare, mtoto atatoka udenda mpaka aoe. Maini ni ya wanaume, ambao damu yao, kama ijulikanavyo, huisha upesi kwa kukaa kivulini.

Kliniki, nesi Daphine alimvuta Taaka kope akaona weupe mtupu. "Damu hakuna, mama. Kula yai, kula dagaa na mboga. Na hii dawa ya damu, unameza kila siku."

Maximilla alivitazama vidonge kama aliyeonyeshwa nyoka. "Wanataka mtoto awe mkubwa, ndio wapate kukupasua. Mtoto mdogo hutoka mbio."

Vidonge vikawekwa juu ya kabati, vikanenepa kwa vumbi. Taaka alimtaka mtoto wake mzima, na aliogopa kisu. Kati ya kumwogopa nesi na kumwogopa mama mkwe, alichagua hofu aliyoishi nayo nyumba moja. Mumewe, Mangeni, alisema mambo ya wanawake hayaingilii, kisha akamaliza maini.

Kweli mtoto alitoka mbio: kabla ya mwezi wake. Alikuwa msichana mdogo mno, hata kunyonya hawezi. Hospitalini, wauguzi walimfunga kifuani mwa mama yake apate joto, wakamnywesha maziwa kwa kikombe kidogo. Kumtazama kuliuma.

Maximilla aliingia wodini kwa vigelegele, akafunua kitambaa. "Oneni nywele! Mpaka mabegani! Si nilisema?"

"Mama," Daphine akamjibu taratibu, "hiyo nywele ya mabega ni ya mtoto ambaye hajakomaa. Angefika siku zake, ingekuwa imeanguka."

Bingwa alikirudisha kitambaa upesi.

Mangeni, asiyelaza biashara, alikuwa amelileta beseni awauzie wagonjwa. Taaka alinyoosha mkono akachukua yai, akaligonga kwenye chuma cha kitanda, akalimenya kwa ustadi wa miaka, akaling'ata akimtazama mama mkwe usoni.

"Taaka! Hata anayenyonyesha hali yai!"

Taaka alitafuna mpaka akamaliza, akanyoosha mkono tena kwenye beseni.

"Mama," akasema, "hii mtoto iko na nywele ya kutosha."